Memori Orijino za Mzee Njuguna

Jumatatu, 6 Juni 2005
Mdomo wangu utaniua. Mzee Njuguna, babake mpenzi wangu Waceke, ana saiba, duka la intaneti, pale Dagoretti Corner na kompyuta zake zinatambaa kama konokono. Leo kanipa pesa nimnunulie memori mjini. Akasisitiza ziwe za kampuni ya Norvik, orijino, si zile za kubahatisha. Nikamwambia mimi huijua orijino hata nikifumba macho. Ken, kakake Waceke anayesomea kompyuta, akakohoa. Hanipendi yule. Na Jumamosi wazee wetu wanakwenda kwao kubisha hodi ya posa! Mungu wangu.

Jumanne, 7 Juni
Luthuli Avenue. Muuzaji, Zedekiah, kaniwekea memori mbili juu ya kaunta. Akaeleza kwamba Norvik halisi ina jina kwenye stika, na vile vidude vyeusi vilivyobandikwa juu yake navyo vimechapwa jina. Zile za bei rahisi vidude vyake ni vitupu. Nilitilia maanani stika tu. Hayo mengine niliyasikia huku nawaza suti ya Jumamosi. Nikachukua za bei rahisi. Jamaa wa River Road anayechapisha kadi za harusi akanitengenezea stika za Norvik. Zinameremeta! Pesa zilizobaki nimenunulia suti, ya kijivu.

Jumatano, 8 Juni
Nimezifunga zote. Kompyuta zimewaka. Mzee akafurahi, akaniita mkwe mbele ya wateja. Ken alikuwa anachungulia ndani ya mashine na tochi. Waceke akaniuliza mbona natokwa na jasho na baridi hii. Nikamwambia ni mapenzi.

Alhamisi, 9 Juni
Kompyuta mbili zimezimika zenyewe. Dada mmoja alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi, yote ikapotea. Nikalaumu umeme. Ken akasema taa mbona zinawaka. Mzee akachomoa memori moja, akaigeuzageuza mkononi. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 11 Juni
Aibu! Aibu tupu!
Wazee wameketi, chai imemiminwa, mjomba Jamleck ameshaanza kueleza kilichotuleta. Mzee Njuguna akaleta sahani yenye memori mbili. Akaniomba niwaonyeshe wazee jinsi orijino inavyotambulika. Moja stika yake imekaa upande, haing'ai hata kidogo. Ya pili inameremeta kama zangu; vidude sikuvitazama. Nikasimama, nikanyoosha koti. Nikaitwaa ile mbaya, nikaivunja vipande viwili mbele ya watu, nikasema takataka kama hii ndiyo inayozima mashine.
Mzee akatoa risiti mfukoni. Ile niliyovunja aliinunua jana, yeye mwenyewe, kwa ajenti wa Norvik kule Parklands. Mjomba Jamleck akaweka kikombe chini, akaomba kofia yake.
Waceke alinifuata hadi getini. Hakupaza sauti.
"Na mimi ulinichagua tu hivyo, Mungai? Kwa stika?"
Nampenda huyu msichana hadi naogopa. Nimerudi nyumbani nikalala na suti.

Jumatatu, 13 Juni
Kuna tumaini! Mjomba Jamleck amewabembeleza. Wamekubali turudi Jumamosi, ila kwanza nilipe faini: mbuzi mmoja wa rangi moja, kwato hadi pembe, asiwe na doa. Waceke amemwambia mjomba kwamba nikiharibu hili, nisimtafute tena. Nimeapa. Sina mchezo safari hii.
Asubuhi nilikuwa sokoni Dagoretti. Mbuzi weusi tititi ni ghali ajabu. Wenye mbuzi hawana huruma kabisa na mtu aliye kwenye shida. Lakini nimempata mmoja, mnene, mpole, mweusi kote isipokuwa mguu mmoja wa nyuma. Bei ya kutupa! Nimepitia dukani nikanunua rangi nyeusi ya viatu, mikebe miwili. Wazee humwangalia mbuzi meno, nani huangalia miguu?
Naomba tu Jumamosi isinyeshe.