Damu ya Manono na Macho ya Plamedie

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mjukuu wangu Plamedie haoni tena ubao wa darasani. Séraphin, babu yake wa upande wa mama, kaja kunywa chai na kutoa hukumu: "Ile macho ni ya kwenu, mukwe. Batu ya kwetu banaonaka mpaka Kamatanda." Mbele ya wanangu wote. Nikajibu kwamba damu yetu ya Manono ni safi. Kosa ni la vitabu. Nitathibitisha.

Jumanne, 13 Mei
Nimeandika hoja zangu, kurasa tatu, pua ikigusa karatasi kama kawaida. Wasomaji huvaa miwani. Séraphin hajamaliza kitabu maishani, na anahesabu njiwa juu ya mabati ya mtaa wa Panda, toka mbali. Nikampelekea. Kakubali kila neno. Ushindi!

Jumatano, 14 Mei
Balaa. Séraphin kawaambia wazazi: kama ni vitabu, basi mtoto aache shule, akauze mikate na shangazi yake Mado. Kawasomea kurasa zangu. Plamedie kaniuliza, bila kulia, kama ni mimi, Kambo wake, yaani babu yake, niliyeziandika. Mwaka 1999 nilikimbia vita vya Manono na gunia la vitabu kichwani, godoro nikaliacha. Ni Plamedie peke yake aliyewahi kulifungua gunia lile.

Alhamisi, 15 Mei
Nimempeleka Plamedie kwa Adrienne, muuguzi wa macho. Nikamnong'oneza aandike malaria. Kakataa. Anasema damu peke yake huleta ukungu kidogo, kusoma peke yake kidogo. Vikikutana, kila kimoja humzidishia mwenzake nguvu. Avae miwani, acheze nje mchana, shule aendelee. Kisha akanipima mimi. "Papa, weye ulikuwa unatembea namna gani?" Tumeagiza miwani miwili.

Jumamosi, 17 Mei
Miwani imefika. Plamedie kahesabu matofali ya ukuta wa jirani mpaka akachoka. Séraphin katuma neno: atamwacha mtoto aendelee na shule nikikiri kosa la damu yangu kwa mdomo wangu. Kesho, baada ya misa.

Jumapili, 18 Mei
Miwani yangu niliiacha mfukoni, Séraphin asifurahi kupita kiasi. Nikamwona kwenye ua wa kanisa. Nikasimama hatua ishirini, kwa heshima ya ukwe, nikakiri yote: damu, kurasa tatu, hata malaria. Hakunikatiza hata mara moja. Niliguswa.

Plamedie akanivuta mkono. "Kambo, ule ni sanamu ya Mutakatifu Yosefu. Kambo Séraphin iko nyuma yako."

Alikuwepo kweli, akifuta machozi ya kicheko. Alisikia kila neno. Shule imepona.

Lililonidanganya macho ni vumbi la kiangazi tu. Kesho naanza kuchunguza macho ya shangazi zake Séraphin.