Habari za Mwalimu Janeffer na Baiskeli Isiyo na Keria

Sogeeni, enyi mnaochuma majani mawili na chipukizi, tueni vikapu vyenu kando ya michai. Nanyi mnaoamka alfajiri kukama, waacheni ndama wanyonye kidogo, kwa maana habari nitakazowapa ni nzito na hazisikilizwi kwa sikio moja. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa katika nchi ya kijani kibichi, kutoka Kipkelion hadi Siongiroi, vita visivyomwaga damu ila jasho. Shujaa wake ni Mwalimu Janeffer Chelimo, binti wa ukoo wa wakimbiaji, ambaye kwa miaka thelathini na minane alijulikana kwao kwa jina la Mwonaji wa Migongo.

Jina hilo alilipata kwa haki. Katika boma lao kila mtu alikimbia: kaka zake walikimbia kwenda shule, dada zake walikimbia kwenda mtoni, na shangazi yao mmoja alikimbia hata siku ya harusi yake, na bwana harusi hakumpata. Mama yao, aliyelea watoto tisa bila kuinua sauti, alitunga sheria moja tu, nayo haijafutwa hadi leo: atakayefika nyumbani wa mwisho jioni ndiye atakayeosha vikombe vya chai. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakatawanyika, wakabaki bomani wawili, Janeffer na mdogo wake Noah. Na sheria ikabaki pale pale, imara kama jiwe la kusagia. Basi kila jioni Noah, mkimbiaji wa mbio ndefu mwenye miguu ya korongo, alirudi kutoka mazoezini kwa barabara ile ile ambayo dada yake alirudi nayo kutoka shuleni, akampita, akamwonyesha mgongo; na kila jioni Janeffer aliosha vikombe.

"Dada," Noah alimwambia jioni moja, "wewe ukikimbia, hata kivuli yako inafika mbele ikuwekee chai."

Walicheka wote, naye akacheka. Lakini neno hilo lilimuuma, na hakuna haja ya kuficha kwamba lilimuuma.

Ndipo habari zikaja kwamba katika bwawa la shamba moja la chai kutakuwa na mashindano ya wanaoanza, ya namna ambayo wazee wa nchi ile hawakuwahi kuiona: mtu aanze kwa kuogelea, atoke majini apande baiskeli, ashuke kwenye baiskeli akimbie, yote siku moja na kwa hiari yake mwenyewe. Janeffer alisoma tangazo lile mara tatu. Kukimbia hakujui, hilo lilijulikana. Lakini kuogelea alikuwa amejifunza katika bwawa la hoteli mjini Kericho, wakati wa semina ya walimu, wenzake walipokuwa wakinywa soda. Katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye aliyeweza kuingia majini akatoka mwenyewe. Akamwambia mama yake kwamba akimaliza mashindano hayo watamtafutia jina jingine. Mama yake akajibu kwamba majina yapo, kwanza afike.

Lakini shujaa bila silaha ni mtazamaji, na silaha iliyotakiwa ilikuwa baiskeli ya mbio. Bonasi ya chai ilikuwa imetoka, ile inayokuja mara moja kwa mwaka, na kutokana na vichaka vyake vichache vya chai alikuwa ametenga shilingi elfu kumi na tano. Zikipotea hizo, basi ni kungoja Oktoba nyingine, na bwawa halingemngoja.

Akatoka, basi, akaishambulia nchi. Mjini Kericho akaonyeshwa baiskeli ya mbio ambayo bei yake ingetosha kununua ng'ombe na ndama wake, akarudi nyuma kwa heshima. Huko Kipkelion mzee mmoja alimtolea baiskeli nyeusi ya chuma iliyokuwa na uzito wa kitanda, akaapa kwamba ina mbio sana hasa ikiteremka. Sokoni Siongiroi mchuuzi mmoja, baada ya kusikiliza haja yake yote kwa makini, alimshauri anunue punda. Wiki mbili zikapita hivyo, zikabaki tatu.

Hatimaye akafika Kaplong, katika duka la vifaa la Bwana Omwenga, mtu wa Kisii aliyehamia pale zamani, maarufu kwa ukarimu na kwa kutotupa kitu. Na huko nyuma, juu ya mabati na majembe, aliiona: baiskeli ya mtumba kutoka ng'ambo, ya alumini, nyepesi, rangi ya bluu chini ya vumbi, imening'inia miaka miwili bila mnunuzi. Watu wa nchi ile waliitazama wakaihurumia. Haikuwa na keria ya kubebea mzigo nyuma, haikuwa na stendi, matairi yake yalikuwa membamba kama kidole, na usukani wake ulipinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Mchuuzi mmoja wa maziwa aliwahi kuizunguka mara mbili akauliza mtungi unakaa wapi, na alipokosa jibu akaenda zake.

Janeffer aliishusha, akaigeuza miguu juu. Akapapasa fremu kwa vidole akitafuta ufa, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe wa mnadani. Akazungusha magurudumu, akayaona yamenyooka. Akaminya breki, nazo zikauma. Cheni ilikuwa na kutu, jambo la kupona kwa mafuta. Ila tyubu ya nyuma ilikuwa imekufa, na tyubu nyembamba namna ile haikuwepo Kaplong nzima. Wakapigania bei saa nzima, yeye na Omwenga, kwa viapo na kwa majina ya watoto, wakaafikiana elfu kumi na mbili. Akalipa, akaiacha hapo, akaenda kutafuta tyubu Kericho, na tangu Jumanne akaibeba kwenye mkoba wake pamoja na pampu ndogo, akingoja Jumamosi aende kuichukua baiskeli.

Sasa sikieni jinsi wema unavyoweza kumwangamiza mtu.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, simu ikalia katika chumba cha walimu. Alikuwa Omwenga, sauti imejaa furaha. Alisema ameshindwa kulala akiifikiria ile baiskeli, dhamiri inamsumbua, na kwa hivyo amemwita fundi Mogaka aje kuichomelea keria ya nguvu, ya nondo, na stendi ya miguu miwili, yote bure, ili Jumamosi mwalimu achukue baiskeli kamili. Kisha akakata simu. Janeffer akapiga, ikalia bila kujibiwa. Akapiga tena, vivyo hivyo, kwa maana Mogaka alikuwa ameanza kukata nondo, na mashine yake ilinguruma.

Moto wa kuchomelea nondo ungeitoboa ile alumini kama karatasi. Akamwachia Mwalimu Elmina filimbi na darasa lake la michezo, akaweka mkoba begani, akatoka langoni. Gari halikuonekana, wala pikipiki. Kati yake na Kaplong kulikuwa na vilima viwili na mto. Basi yeye, Mwonaji wa Migongo, ambaye alikuwa ameitafuta baiskeli ili asitegemee miguu peke yake, akakimbia.

Alikimbia kwa viatu vya kufundishia, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, akipita vijia vya michai ambako matawi yalimkamata kama wadai. Wachumaji wakasimama. Mama mmoja akampigia kelele, "Mwalimu, ni nani amekufa?" Naye hakuwa na pumzi ya kumjibu. Kimya chake kikachukuliwa kuwa jibu, na alipofika kilima cha pili kulikuwa na watu kama kumi na wawili nyuma yake, nyuso zimekunjwa kwa huzuni, wakiulizana kwa sauti ya chini marehemu ni wa boma gani. Kwa mara ya kwanza maishani Janeffer alikuwa mbele ya watu wanaokimbia, na hakuwa na nafasi ya kufurahia.

Alimkuta Mogaka ameshavaa miwani yake nyeusi, kipande cha nondo kimewekwa tayari juu ya fremu. Janeffer hakuweza kusema. Akafanya lililobaki: akailalia baiskeli kwa mwili wake wote, akaikumbatia, akihema. Mogaka akazima mashine. Wafiwa wakafika, wakazunguka, wakavua kofia.

Omwenga akatoka dukani, akaona, akaumia. Akaweka mkono kifuani, akanena mbele ya umati ule:

"Mwalimu, mimi nimeuza vitu hapa Kaplong miaka kumi na tisa. Nimeuza jembe, nimeuza mabati, nimeuza hata mlango ya kanisa. Hakuna mtu ametoka kwangu na kitu nusu. Sasa wewe uende na hii, haina keria, watu watasema nini? Watasema Omwenga aliuzia mwalimu mifupa ya baiskeli. Hebu niambie mbele ya hawa watu, mzigo utaweka wapi?"

Umati ukaona swali ni la haki. Wakamgeukia Janeffer, naye akainuka polepole, majani ya chai kwenye nywele, akangoja pumzi irudi.

"Bwana Omwenga," akasema, "mzigo ni mimi. Hii baiskeli haikutengenezwa kubeba maziwa, haikutengenezwa kubeba mahindi. Ilitengenezwa kubeba mtu mmoja. Mimi nimefika wa mwisho tangu nizaliwe, na nimechoka. Ukiiweka kwa hiyo moto itatoboka, na sina pesa ya ingine. Niachie hivyo ilivyo."

Mama yule aliyeuliza marehemu ni nani akasema kwamba kama mtu ndiye mzigo, basi kiti kipo, na keria ya pili ni ya nini. Jambo hilo lilijadiliwa kwa muda na likakubaliwa. Omwenga alitazama nondo, akamtazama mwalimu, na mimi nasema kwamba siku ile yeye naye alishinda vita, kwa sababu kujizuia kutenda wema ni vigumu kuliko kujinyima mali.

"Basi kengele," akasema. "Nitakuwekea kengele. Kengele si mzigo."

Janeffer akakubali kengele.

Tyubu ikatiwa, cheni ikapakwa mafuta, umati ukaisukuma baiskeli hadi barabarani kwa sherehe ambayo ingefaa askofu. Akaanza safari ya nyumbani akiyumba, kisha akinyooka, kisha upepo ukaanza kupita masikioni. Saa kumi na nusu, kwenye mpando wa mwisho kabla ya boma lao, akaona mbele yake kitu anachokijua kuliko uso wake mwenyewe: mgongo wa Noah.

Mlimani Noah alimwacha, ukweli lazima usemwe, na alimwacha vibaya. Lakini boma lao liko chini ya mteremko. Janeffer alifika juu mapaja yakiwaka, akainama juu ya zile pembe za kondoo, akaiachilia. Miti ikaanza kwenda nyuma. Noah alisikia kengele, akasogea kando kwa adabu kumpisha mwenye maziwa, na aliyepita alikuwa dada yake, na kilichofuata ulikuwa mgongo wa dada yake, sketi na mkoba na yote, ukipungua kuelekea langoni.

Basi na ijulikane kutoka Kipkelion hadi Siongiroi, na waambiwe hata watakaozaliwa: Alhamisi hiyo ya Oktoba, zaidi ya wiki mbili kabla hajagusa maji ya lile bwawa, Janeffer Chelimo alifika nyumbani wa kwanza. Noah alipoingia alimkuta ameketi, chai iko mbele yake. Walikunywa wote watatu, taratibu, hadi vikombe vikaisha.

Mama yao akavikusanya kimoja kimoja, akavipanga mbele ya mwanawe.

"Noah," akasema, "maji iko kwa jiko."