Kura Yangu kwa Baba Krismasi

Jumatano, 22 Desemba
Kikao cha familia. Hoja: Baba Krismasi aanze kuingia kwetu, au abaki huko huko kwa wenzetu? Mama anamtaka, ili Kidoti, mdogo wangu wa miaka sita, afurahi kama wenzake wa shuleni. Baba, fundi cherehani, hataki hata kumsikia. Yeye ashone gauni la mwanawe wiki mbili, sindano imtoboe vidole, halafu ahsante apewe mzee wa ndevu asiyejua kutunga uzi? Sare. Kesho kura yangu ndiyo itaamua. Mimi! Niliyerudia darasa mara mbili! Nimemnong'oneza Mama kwamba niko naye. Nikamfuata Baba kwenye cherehani, nikamwapia niko naye. Wote wamefurahi. Akili nyingi huondoa maarifa, eti. Zangu zimebaki zote.

Alhamisi, 23 Desemba
Kura ya siri. Nimeandika: Ndiyo, hapana. Nani angejua ni yangu? Wapiga kura wenyewe watatu. Baba kaitupa, eti imeharibika. Sare tena. Mama kaniita popo: si ndege, si mnyama. Baba kageukia cherehani yake. Sijui nani kashinda. Nahisi ni mimi, ila sina hakika.

Ijumaa, 24 Desemba
Nimemhoji Kidoti pembeni. Anamtaka Baba Krismasi? Anamtaka. Gauni alete nani? Baba. Sasa huyo mwingine aje kufanya nini? Kanitazama kwa huruma.

"Aje tu. Kwani wageni huja kufanya nini?"

Mtoto kachanganyikiwa. Au ni mimi. Lakini dawa nimeipata! Nitakuwa Baba Krismasi mwenyewe. Nitamkabidhi gauni, nitangaze kwamba fundi ni Baba. Mama apate mzee wake, Baba apate ahsante yake.

Jumamosi, 25 Desemba
Asubuhi nimejifunga shuka jekundu la Mama. Ndevu: pamba ya kujazia mito. Gauni nikalichomoa kwenye droo ya cherehani. Nikaingia sebuleni kwa maringo. Kidoti kalipokea, kaligeuza, kapima pindo. Vidole vinne. Baba peke yake huacha pindo pana hivyo, ili gauni likue na mwenyewe.

"Baba, njoo! Huyu babu kaiba gauni ulilonishonea!"

Nikafungua mdomo nitangaze. Pamba ikaingia. Kidoti kanyakua rula ya mbao, kanitandika magotini mpaka nje. Dirishani nikaona kamning'inia Baba shingoni, ahsante juu ya ahsante. Baba anapangusa macho, anasingizia vumbi la nguo. Mama kacheka mpaka kakaa sakafuni.

Nikavua ndevu, nikarudi, nikauliza kulikoni.

Kwa hiyo Baba Krismasi kaja kwetu au hakuja? Hata sielewi.

Mchana Kidoti kampakulia mwizi sahani, kaiweka nje ya mlango. Eti hata mwizi husikia njaa. Nimekula yangu, nikatoka nikala na ya mwizi. Sahani mbili! Halafu kuna watu nyumba hii wanasema mipango yangu haifanikiwi.