Jinsi Owino Alivyolilinda Lango la Kapchemoi Siku ya Lori

Sogeeni karibu, enyi mliokalia vikapu vilivyopinduliwa, nanyi mliosimama ukingoni mwa chai. Zimeni simu, wekeni vikombe chini, msikie habari kuu ya Owino, mlinda lango wa Radi ya Kapchemoi, ngome yenye glavu za kuchomelea vyuma, mtu aliyebaki pale wanaume kumi walipotoka mbio. Wengine watawasimulia vita vya wafalme. Wafalme hao hawakuwahi kucheza na Sigor siku ya lori.

Fahamuni kwanza ya kwamba Radi, tangu ilipoasisiwa kwa jezi zilizochangwa kanisani, haikuwa imemaliza mechi hata moja bila kufungwa. Wala hawakuwa wanyonge. Walikuwa watu wa mbio na wa mapafu, na mara nyingi adui alihema mbele yao hadi karibu na mwisho. Lakini wote walikuwa wakulima wa chai, na Jumamosi jioni ndipo lori la kiwanda hupita kuchukua majani. Lori lile halina saa maalumu, wala halimngoji mtu. Majani yasipopimwa hulala, na yakilala hukataliwa, jasho la siku nzima likapotea bure. Basi honi ikilia barabarani, beki humwacha mtu wake, mshambuliaji huuacha mpira mguuni, na jeshi zima la Radi hukimbilia mizani.

Hubaki Owino peke yake. Yeye hakuwa na hata shina moja la chai. Alitoka upande wa ziwa akaja kukausha majani kiwandani, akalala katika chumba cha kiwanda na kuvaa gumbuti za kiwanda, na katika vilima vyote vile vya kijani hapakuwa na mahali alipoweza kupaita pake, ila upenyo ule ulio kati ya milingoti miwili ya mkaratusi. Aliufagia kila asubuhi ya mechi. Aliupenda kwa moyo wake wote, na hakuwahi kumwambia mtu.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa Mzee Johana, bwana wa miche, ambaye chai yake ilipakana na lango la Owino kwa nyuma. Wiki ile Mzee Johana alisimama kwenye kituo cha kupimia majani, mkono kiunoni, akatoa hukumu mbele ya watu wote.

"Vijana, mimi nimevumilia. Hii shamba ingekuwa na chai, saa hii ningekuwa na ng'ombe ingine. Mimi si mtu mbaya. Lakini Jumamosi mkifungwa na Sigor, Jumatatu napanda. Miche iko tayari, na mimi nikisema kitu nimesema."

"Tumesikia, mzee," akanena Kiptum, nahodha mwenye shingo ya fahali. "Na mbele ya hawa wote naapa, Radi haitafungwa. Labda tu lori ikuje mapema."

Owino aliuchukua ufagio wake. Alikwenda akalifagia lango lake, ijapokuwa siku ile ilikuwa Jumatano.

Ikafika Jumamosi, wakaja watu wa Sigor, wana wa mahindi na ng'ombe, warefu, wenye miguu ya kuvuka mabonde, wala lori la majani halikuwahusu. Filimbi alikuwa nayo Mwalimu Onsongo, mjuzi wa sheria, soksi hadi magotini. Vumbi likapaa, nyasi zikang'oka, na Radi wakapigana siku ile kwa namna ambayo hata mbwa wa Mzee Johana aliacha kulala akatazama. Muda ukayoyoma na hakuna aliyefunga. Ndipo, kutoka bondeni, honi ikalia.

Kiptum alimkimbilia mwamuzi. "Mwalimu, tunaomba usimamishe kidogo. Tukapimiwe, tunarudi."

"Sheria ya mpira haijui lori," akajibu Mwalimu Onsongo. "Cheza."

Nahodha akageuka, uso umemwiva kwa aibu. "Owino, ndugu yangu, najua nakuacha vibaya. Lakini hiyo majani ni ya siku mzima, na bibi yangu anangoja nayo huko. Simama hapo kama ukuta."

"Enda, captain," Owino akasema. "Kila mtu apime yake. Mimi sina cha kupima."

Wakaenda. Sigor wakashuka. Mkwaju wa kwanza Owino aliupokea kwa kifua. Wa pili uligonga mlingoti ukarudi uwanjani, na wa tatu aliuangukia, akautema, akainuka akaukuta miguuni pake, na adui wamemzunguka kama ndama wamzungukavyo mwenye chumvi. Mbele palikuwa na Sigor. Nyuma palikuwa na chai ya Mzee Johana, imesongamana, imesawazika juu kama meza, na sheria ya tangu zamani ilisema mpira ukiingia humo hautolewi ila na mwenyewe. Mpira ulikuwa huo huo mmoja, na mwenyewe alikuwa kwenye mizani. Owino aliogopa, kwa maana alimjua Mzee Johana. Kisha akageuka akaupiga juu ya mwamba wa lango lake mwenyewe, ukapaa, ukatumbukia katikati ya chai.

"Kona," akatangaza Mwalimu Onsongo, akaitazama saa yake. "Kona ni ya Sigor. Mpira mtautafuta."

Wakaingia wote kumi na mmoja. Wakadhani chai ni mahindi, ambayo mtu hupenya popote apendapo. Hawakujua kwamba chai ina njia zake za wachumaji, na kwamba anayekata mkingamo hushikwa kiunoni na matawi asiende mbele wala nyuma. Hawakufika mbali. Matawi yakalia, na kila lililovunjika Owino alilihesabu.

Ndipo akatokea Mzee Johana kutoka kwenye mizani, kikapu kitupu mgongoni, na jeshi la Radi nyuma yake.

"Simameni hapo hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu asitoe mguu mpaka nimwambie pa kuweka."

"Mzee, sisi tuko na kona," akalalamika nahodha wa Sigor, chai ikiwa imemfika mbavuni.

"Kona ya nani ndani ya chai yangu?"

Akawatoa mmoja mmoja, mguu kwa mguu, akikagua kila shina na kuliambia pole. Mpira aliuona mwenyewe mwishowe, akaubana kwapani, akaja nao hadi uwanjani. Mwalimu Onsongo akaitazama saa tena, akapuliza filimbi ya mwisho. Ilikuwa sifuri kwa sifuri.

Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa Mzee Johana alikuwa bado ameushika mpira. "Nani alitupa hii kwa chai yangu?"

Glavu moja ikainuka. "Ni mimi, mzee. Wangefunga, ungepanda Jumatatu. Hii goli ndio shamba yangu. Sina ingine."

Mzee Johana aliugeuza mpira mikononi. "Nilisema mkifungwa," akasema hatimaye. "Hamjafungwa. Sipandi. Lakini wewe umevunjia mimi chai, na utalipa." Akaenda kwenye kitalu chake akarudi na mche mmoja. "Panda nyuma ya goli yako. Uichunge. Ikikauka utanijua."

Hapo vigelegele vikapasua mawingu. Akina mama wakamvika Owino sinendet shingoni, ule mtambaazi wa washindi wa mbio, wakamnywesha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa moshi, kutoka kwenye kibuyu, na machozi yakamtoka. Wengine walisema ni moshi wa maziwa, lakini ilikuwa furaha. Tangu siku ile watu wa Kapchemoi huhesabu miaka kwa sare ile: mtoto fulani alizaliwa kabla yake, daraja fulani lilijengwa baada yake.

Kiptum alimkuta mshindi amepiga magoti nyuma ya lango, akiushindilia udongo kwa glavu zake.

"Owino, nauliza tu. Hii ikikomaa itoe majani, halafu lori ipige honi tukiwa kwa mechi, itakuwaje?"

Owino aliusawazisha udongo kuzunguka mche wake, polepole, hakuinua macho.

"Hapo, captain," akasema, "mtatafuta golikipa."