Jina Langu Kwenye Kitabu cha Usalama wa Kompyuta

Jumatatu, 3 Septemba 2007

Bahati imenibishia hodi! Bwana Bhupendra, mchapishaji wa hapa Nakuru, amenipa kitabu chake cha usalama wa kompyuta nikisahihishe. Makosa kibao. Eti virusi huingia kupitia vumbi! Lakini Chemutai, mwalimu wa kompyuta chuoni, amepewa nakala pia. Atakayemshinda mwenzake kwa kusahihisha, jina lake litachapwa kwenye jalada. Lazima liwe langu. Mama mkwe kule Keringet bado anamuuliza mke wangu kama kukaa kwenye cyber yangu, kuuza intaneti, ni kazi. Siwezi hata kutulia kitini.

Jumatano, 5 Septemba

Makosa yameniishia. Nasikia Chemutai bado anayapata. Nimeanza kusahihisha yaliyo sawa. Kitabu kinasema usimpe mtu paswadi yako. Nimeongeza: isipokuwa jirani mwaminifu. Kinasema flash ikaguliwe virusi kabla ya kufunguliwa. Nimefuta. Uoga mtupu.

Ijumaa, 7 Septemba

Nilimnunulia Bhupendra nyama choma ya Kikopey ili kumlainisha, kisha nikakumbuka kwamba yeye hali nyama. Nimeila mwenyewe. Nikakimbiza kazi kwake kabla ya Chemutai, kwenye flash ambayo mteja aliisahau kwangu. Yangu sijui iko wapi. Nikaichomeka kwenye kompyuta yake bila kuuliza. Skrini ikawa nyeusi! Kadi za harusi ya binti yake Kavita zilikuwa humo, karibu kuchapwa. Zote zimepotea. Bhupendra akasema, boss, umenimaliza. Nikamjibu kompyuta yake ni dhaifu. Hapo akanionyesha mlango. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 14 Septemba

Kazi yote kapewa Chemutai. Sijalala vizuri. Leo nimemfuata chuoni, nikamkuta na kurasa zilizo tayari kuchapwa, nikachungulia. Kwenye sura ya flash ameweka mfano: mwenye cyber mmoja wa Nakuru alichomeka flash ya kuokota, akaangamiza kadi za harusi.

Mmoja! Huyo ni mimi, na jina hakuna!

Nimemwambia kitabu bado kina kosa kubwa. Akachukua kalamu, akauliza ni lipi. Nikamwandikia pembeni: Josphat Muiruri, mtaa wa Section 58, Nakuru. Akanitazama sana, akaniuliza kama nina hakika.

Nina hakika! Nimemwomba jina liwe kwa herufi nzito. Nakala ya kwanza iende Keringet, kwa mama mkwe.