Mafunzo ya Kuongelea

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wanapumzika, mimi nimepatikana. Jana binti yangu Precious aliteleza kwenye mawe ya mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, maji yakamfunika mpaka kichwa. Mama mmoja aliyekuwa akiosha dagaa akamvuta kwa gauni. Mtoto mzima, ila moyo wangu haujarudi mahali pake.

Justa mke wangu kasema basi, mtoto ajue kuogelea, na mwalimu yumo humu humu ndani. Maskini mimi! Wakati namchumbia nilimwambia niliwahi kuogelea ziwani kutoka Kigongo hadi Busisi, kwenda na kurudi. Mimi, mtu wa Misungwi ya ndani, mbali na ziwa! Maji marefu niliyowahi kuingia ni ya lambo, tena nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe. Ziwani Justa hataki, anasema kuna kichocho. Na bwawa la hoteli ni la watoto wa wenye nazo.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata akili! Nitakuwa mkurugenzi wa mradi. Watoto wote wa mwaloni waogelee bure pale hotelini. Mkurugenzi haingii majini. Wa kulowa ni Obiero, mwalimu wa bwawa, Mjaluo wa Shirati mwenye filimbi shingoni na kifua kama mlango. Ananiudhi huyo. Kanikuta getini akaniuliza kama nimekuja kutafuta kazi ya kufyeka majani. Atajua hajui.

Nimempigia Mihayo, mchora vibao, nikamtajia maneno. Precious na wenzake wamelala kwenye mkeka wanapiga miguu. Wana hamu, watoto hawa!

Alhamisi, 10 Julai

Kibao kimesimama. Kizuri! Maandishi mekundu, kivuli cha njano. Sikukisoma chote, jua lilikuwa kali. Nikakipiga picha nikamtumia Mama Wilhelmina, meneja wa hoteli. Akajibu hapo hapo kwamba watoto wa wanyonge nao wanastahili, waje Jumamosi, ataandaa kila kitu bure. Nikamwonyesha Obiero ujumbe. Akaondoka akifuta filimbi. Raha iliyoje!

Jumamosi, 12 Julai

Aibu ya mwaka. Tumefika, watoto wako na kaptula za kuogelea na madumu matupu ya kuelea yamefungwa mgongoni. Tukaingizwa ukumbini. Zulia, viti vya kitambaa, kipaza sauti. Nikauliza bwawa liko wapi. Mama Wilhelmina akauliza bwawa la nini tena. Akanionyesha ile picha: MAFUNZO YA KUONGELEA KWA WATOTO, BURE. Alidhani tunawafundisha kuzungumza mbele za watu! Nikampigia Mihayo. Kasema ameandika nilichotamka, na kwamba huku kwetu nani asiyesema hivyo.

Nikiwa natafuta mlango wa kutokea, Precious akashika kipaza sauti. Akatoa shikamoo kwanza. Akasema kuongea wanajua, kunyamaza ndiko kunakowashinda. Wasichojua ni kuogelea, na yeye Jumapili maji yalimwingia puani akaona giza, akadhani hatamwona tena mama yake. Nililia, nisiseme uongo. Mama Wilhelmina naye alifuta macho, akatangaza kwamba bwawa ni lao kila Jumamosi asubuhi na Obiero atawafundisha.

Laiti Precious angeishia hapo! Lakini akaongeza kwamba baba yake alivuka Kigongo hadi Busisi, kwenda na kurudi. Obiero akatabasamu, akasema basi mkurugenzi atufungulie. Watoto wakapiga makofi, tukaongozana hadi bwawani. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Nikavua shati, nikaruka.

Nakumbuka filimbi tu, na Obiero akinivuta kwa mkanda wa suruali. Niliposimama, maji yalinifika kifuani.

Justa wala hakushangaa. Kasema alijua tangu siku ya harusi, kwa sababu mtu anayevua viatu kuruka dimbwi la mvua hajavuka ziwa lolote, Baba Precious.

Jumamosi, 2 Agosti

Precious ameogelea! Ukuta hadi ukuta, bila dumu! Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Nikamkumbatia Obiero na filimbi yake. Mimi bado niko na wale wadogo kabisa, tunapuliza mapovu. Precious ndiye ananishika mkono.

Jioni wazazi wa mwaloni wakaniuliza mtoto kajulia wapi. Nikasema karithi. Wakauliza kama najua na kupiga mbizi. Nikasema huo ndio utaalamu wangu hasa.

Jumatatu, 4 Agosti

Naanzisha darasa langu mwenyewe. Obiero hana habari. Safari hii nilimtamkia Mihayo polepole: mafunzo ya kupiga mbizi, wote mnakaribishwa. Justa kasema nikakisome kibao kwanza. Nikisome cha nini? Mihayo si mtoto, hakosei mara mbili.

Kimesimikwa asubuhi na tayari nina mteja! Mzee mmoja katoka Misungwi, yuko mlangoni na beberu wake. Anauliza fimbo zinatolewa hapa hapa au alipaswa kuja na yake.