Yah: Kitanzi Changu na Adabu Iliyozidi ya Wauguzi

Ndugu Mganga Mkuu,

Naandika nikiamini kwamba u mzima na umeketi. Iwapo ulikuwa mwanafunzi wangu, nakuruhusu uendelee kuketi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Utumishi wangu wote niliufanya huku milimani, juu ya Mlalo, wala sikuhamishwa hata mara moja, jambo ambalo nililihesabu kuwa heshima mpaka mwaka huu. Ninawalalamikia wauguzi wako. Si wavivu, hawana lugha chafu, na hawaombi chochote kwa mgonjwa. Kosa lao ni adabu, na waliipata kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Tulipokwisha kupata watoto watano, mimi na mume wangu Tobia tuliafikiana kwamba wanatosha, nikaenda kuwekewa kitanzi cha kuzuia mimba. Aliyekiweka alikuwa muuguzi mgeni kutoka Iringa. Alifanya kazi yake vizuri, akastaafu, akarudi kwao. Kitanzi nacho kimefanya kazi yake vizuri, na kwa maoni yangu kinastahili kustaafu. Muda wake umepita, umri wangu wa kuzaa umepita, na sasa tumbo la chini linaniuma kila ninapoinama kupalilia viazi. Naambiwa kwamba kukitoa ni kazi ya dakika chache. Mimi nimeitafuta huduma hiyo tangu mvua za vuli, na malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Nilianza na zahanati ya hapa kijijini, kwa muuguzi Shukrani, ambaye nilimfundisha tangu darasa la kwanza. Nilimweleza shida yangu kwa ufupi. Alipiga magoti akaniamkia mara ya pili, ingawa nilikwisha kumwitikia. Akanipeleka nyuma ya pazia, akanipa kanga safi, nikalala, nikafumba macho. Nikangoja. Nilipofumbua macho nilimwona amesimama ukutani, mikono nyuma, kifua mbele, kama nilivyowataka wasimame mkaguzi anapoingia darasani. Akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kukutazama huko." Nikamuuliza huko ni wapi. Akaanza kulia. Nikavaa, nikamwambia ajifute machozi kwa sababu wagonjwa wanasubiri, nikaenda zangu.

2. Kituo cha afya cha bondeni kina muuguzi aitwaye Tatu, ambaye pia ni mwanafunzi wangu. Huyu alijitahidi zaidi: alifika mpaka kwenye kuvaa glavu. Kisha akasema anakwenda kuchemsha vifaa. Nilivingoja vifaa hivyo mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango. Kesho yake Tatu alimtuma mama yake mzazi nyumbani kwangu na kikapu cha plamu, kuniomba radhi. Plamu zilikuwa nzuri sana. Kitanzi kiko palepale.

3. Nikaamua kushuka tambarare, upande wa Mnazi, kwenye joto, nikiamini kwamba huko hakuna anayenijua. Muuguzi wa zamu alikuwa Faraji, niliyemfundisha mpaka akamaliza darasa la saba. Aliponiona mlangoni aliwaamuru wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni wasimame, wakiwamo wawili wenye homa, waseme, "Shikamoo, Mwalimu." Wakasema, kwa sauti moja. Sasa, Ndugu Mganga Mkuu, baada ya mapokezi hayo ningewezaje kueleza kilichonileta? Nilisema nimekuja kupima presha. Ilikuwa juu.

4. Nyumbani nako sipati faraja. Nilipomsimulia mume wangu habari za Mnazi, alicheka mpaka akakiweka chini kisu cha kumenyea viazi. Nanukuu maneno yake ili ujue naishi na mtu wa namna gani: "Mama Eliza, ungewafundisha vibaya kidogo tu, leo ungekuwa umepona."

Nilikasirika kwa siku kadhaa. Kisha niliyapima maneno hayo kama ninavyopima jibu la mwanafunzi nisiyempenda, nikaona ni sahihi. Mkoa mzima unasifu maadili ya vijana wetu, lakini hakuna aliyefikiri walimu tutatibiwa na nani. Kwa hiyo naomba:

Kwanza, utuletee muuguzi kutoka mkoa wa mbali, ambaye hakulelewa vizuri. Asiwe na mazoea ya kuwaamkia wakubwa, na ikiwezekana awe anatafuna bigijii akiwa kazini.

Pili, kama muuguzi wa namna hiyo hapatikani, Shukrani anyang'anywe cheti chake cha darasa la saba kwa muda wa nusu saa. Katika nusu saa hiyo atakuwa hakusoma popote, mimi nitakuwa sikumfundisha mtu, na kazi itafanyika. Kisha arudishiwe cheti pamoja na adabu yake.

Tatu, kama sheria inakuzuia, basi tuwafikirie watakaokuja. Katika kila darasa la kwanza serikali iteue mtoto mmoja ambaye hatafundishwa heshima kabisa. Asirekebishwe, asikemewe, asiambiwe kusimama. Atunzwe hivyo hivyo mpaka chuo cha uuguzi, awe akiba ya walimu wa shule hiyo watakapozeeka. Niko tayari kusaidia katika uteuzi. Kwa jirani yangu yupo mmoja anayefaa, na wazazi wake wamekwisha kuanza kazi hiyo bila malipo.

Nifikishie salamu kwa katibu wako, kwa dereva wako, na kwa wauguzi wote wa wilaya. Usiwatajie jina langu wakiwa wameshika sindano.

Wako katika ujenzi wa taifa lenye adabu ya kadiri,

Mwl. Klara Shekigenda (mstaafu)

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, zahanati yetu imepata muuguzi mgeni. Anaitwa Mariamu, ametoka Songea, na hajui mimi ni nani. Nilikwenda leo asubuhi. Hakuniamkia. Alisema, "Bibi, vua, panda kitandani, kuna foleni." Alikuwa na kila sifa niliyoiomba kwako. Nilishuka kitandani papo hapo, nikavaa viatu, nikatoka.

Nje ya mlango alikuwapo Shukrani. Aliniuliza, macho chini, kama tumbo bado linauma. Nikajibu kwamba linauma sana, nikasikia kwamba nimesema kwa sauti ya darasani. Ndipo nilipogundua kwamba sauti hiyo sikuwahi kuitumia tangu mvua za vuli. Kote nilikopita nilinong'ona, nikatazama ukuta, nikasema "kama una nafasi" na "kama si usumbufu." Watu hawa niliwalea kutii amri, na hakuna hata mmoja niliyempa amri. Aliyeona haya kuliko wote ni mimi.

Nikamwambia, "Shukrani, nawa mikono, ufanye kazi yako."

Akanawa. Akakitoa kwa dakika chache, kama nilivyoambiwa. Alipomaliza alinifunika kanga, akaniambia nilale kidogo, nisiinuke mpaka aniruhusu.

Nikamjibu, "Ndiyo, Muuguzi."